Mdako Darasani: Hesabu Iliyomo Shimoni

Mzazi anayempeleka mtoto darasa la awali Rujewa huwa na swali moja: "Mwalimu, mbona daftari la mwanangu halina kitu?" Ana haki ya kuuliza. Ameacha mpunga shambani ili mtoto asome, na kusoma anakokujua yeye ni maandishi. Jibu la mwalimu liko uani, kwenye shimo dogo lenye kokoto.

Mdako wengi wetu tumeucheza. Kanuni hutofautiana kutoka kijiji hadi kijiji, lakini mwendo wake ni huu: kokoto 10 shimoni, jiwe moja mkononi. Unalirusha juu, unazikomba kokoto zote nje, unalidaka kabla halijatua. Unarusha tena, unazirudisha zote isipokuwa moja. Hiyo ni yako. Unaendelea hadi shimo liwe tupu. Mzunguko wa pili unabakiza mbili mbili, wa tatu unabakiza tatu tatu.

Mbili mbili huisha sawasawa kwa mara 5. Tatu tatu hazikubali: baada ya mara 3 kokoto moja inabaki peke yake, na watoto wanaanza kubishana ni ya nani. Ubishi huo ni kugawanya kwenye baki, somo watakalolikuta ubaoni miaka kadhaa baadaye. Hata hivyo, kwangu mimi thamani kubwa zaidi iko kwenye lile jiwe lililo hewani. Halimpi mtoto nafasi ya kunyoosha kidole na kuhesabu moja, mbili, tatu. Jicho linalazimika kuiona tatu kwa mkupuo. Anayeiona hivyo ataweza kujumlisha bila kuanzia moja kila mara.

Ugumu ni kwamba mkono wa mtoto wa miaka 4 au 5 bado si mwepesi kiasi cha kurusha, kukomba na kudaka kwa pamoja. Kwa hiyo kazi igawanywe: mmoja arushe na kudaka, mwenzake akombe. Badala ya jiwe kitumike kifurushi cha matambara, kisichoumiza kikimwangukia mtu kichwani. Kokoto zianzie 5, na ziwe kubwa zisizoweza kumezwa. Ila kurusha kusiondolewe, maana ukikuondoa umebaki na kuhesabu vitu tu, na haraka inayolifundisha jicho imepotea.

Kisha mwalimu anachuchumaa, anaziba shimo kwa kiganja na kuuliza: "Nje zipo mbili. Humu ndani zimebaki ngapi?" Mtoto anakisia kisichoonekana. Akikosea, mwalimu anainua kiganja tu. Kokoto zenyewe zinamsahihisha. Bila swali hilo, mdako ni mchezo mzuri wa jioni, na darasani umeletwa bure.

Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 uliruhusu haya yote. Kutumia dhana za kihisabati kulikuwa mojawapo ya umahiri wake 6, michezo ilipewa nafasi kubwa, na kila mwalimu alikusudiwa watoto 25. Mwaka huohuo elimu bila ada ilianza, na uandikishaji wa awali nchini ukapanda kutoka takribani milioni 1 mwaka 2015 hadi zaidi ya milioni 1.5. Kona za kujifunzia zilizopangwa kwa watoto 25 hazitoshi darasa likijaa watoto 80. Mashimo 16 uani, watoto 5 kila shimo, yanatosha, na hayadai hata shilingi.

Wapo waliotutangulia. Programu ya Madrasa, iliyoanza Mombasa mwaka 1986 kwa juhudi za Bi Swafiya Said na kufika Zanzibar mwaka 1990, iliwaandaa wanawake wa mitaa ileile kuwa walimu wa watoto wadogo, na vifaa vingi vya kuchezea vikatengenezwa kwa vilivyopatikana karibu.

Na lile daftari? Baada ya mchezo mtoto achore duara, aweke nukta za kokoto zilizobaki ndani na zilizotoka nje. Ukurasa umepata maandishi, na ameyaandika mtu anayejua maana yake. Mwalimu wa awali unayesoma haya, mwite mzazi uani wiki hii, mwombe achuchumae shimoni pamoja na mwanawe, kisha uzibe shimo na umwache mtoto ajibu.