Console Wars: vita vya bei vilivyomsahau mchezaji

Kuna vitabu unavisoma huku unashangilia, halafu ukishavifunga unajiuliza ulikuwa unamshangilia nani. Kwangu mimi, Console Wars cha Blake J. Harris, kilichotoka mwaka 2014, ni cha aina hiyo. Kina kurasa zaidi ya 500, kinaeleza jinsi Sega na Nintendo, kampuni mbili za Kijapani, zilivyogombania soko la gemu Marekani miaka ya 1990, na kinasomeka kama riwaya ya kusisimua. Nimekisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikimaliza haraka kama mtu anayetazama mpira. Mara ya pili nilishika kalamu, kwa sababu kuna kitu kilikuwa kinanikera na nilikuwa sijakijua ni nini.

Kitu chenyewe ni bei. Au tuseme, namna Harris anavyoisimulia bei.

Kwanza hadithi yenyewe, kwa ambao hawajakisoma. Mwaka 1990 Hayao Nakayama, bosi mkuu wa Sega, anamfuata Tom Kalinske akiwa mapumzikoni Hawaii na kumwomba aje aongoze Sega ya Marekani. Kalinske alikuwa mtu wa midoli, amewahi kuiongoza Mattel, wale wa Barbie. Gemu hazijui. Anakubali, anaichunguza kampuni, kisha anakwenda Japani kuwaambia wakurugenzi mambo ambayo hawakutaka kuyasikia. Mashine yao, Genesis, iliingia Marekani mwaka 1989 kwa dola 189. Yeye anataka ishuke hadi dola 149. Na ile gemu inayotolewa pamoja na mashine, Altered Beast, iondolewe, iwekwe Sonic, gemu mpya ambayo ndiyo ilikuwa dhahabu yao. Wakurugenzi wanashangaa: yaani tupunguze bei halafu tutoe bure kitu chetu bora kuliko vyote? Wanakataa. Nakayama anawasikiliza, kisha anamruhusu Kalinske aendelee na mpango wake.

Mwaka 1991 Nintendo wanaleta Marekani mashine yao mpya, Super Nintendo, kwa dola 199. Upande wa pili wa rafu imekaa Genesis, pungufu ya dola 50, na Sonic yumo ndani ya boksi. Matokeo yanajulikana: kampuni iliyokuwa inachekwa ikawa, kwa muda, mbele ya jitu katika soko la mashine za biti 16 nchini humo.

Harris anaisimulia sehemu hii vizuri sana. Anajua kumaliza sura pale ambapo huwezi kuweka kitabu chini. Anakiri mwenyewe mapema kwamba mazungumzo mengi ameyajenga upya kutokana na mahojiano aliyofanya na wahusika, na mimi sina ugomvi na hilo. Bibi zetu nao hawakuwepo sungura alipoongea na fisi. Ugomvi wangu ni mwingine. Ndani ya kitabu hiki, kushusha bei ni tendo la ushujaa. Kuna mtu mmoja jasiri anayeona mbali, kuna wazee waoga mezani, kuna bei inayoshuka, kisha watu wanakuja mbio. Nilipofika hapo mara ya pili niliweka kalamu chini, nikakumbuka mabanda mawili ya mtaani kwetu Chang'ombe, hapa Dodoma.

Ilikuwa enzi za PS2. Mabanda yalitazamana, barabara ya vumbi katikati. Kila moja lilikuwa na televisheni mbili za mgongo, mashine mbili zilizochipiwa, pedi zilizofungwa gundi, na benchi. Mechi ilikuwa Sh 200, dakika 10, na mfungwa ndiye analipa. Siku moja banda la kushoto likaandika kwa chaki mlangoni: MECHI 100. Mtaa mzima tukahamia. Mwenye banda la kulia alikaa siku mbili akitazama benchi tupu, siku ya tatu naye akaandika 100. Tukagawana tena. Sisi tulikuwa tunafurahi tu, bei imeshuka nusu.

Ilituchukua muda kugundua alichokifanya yule wa kushoto. Alikuwa ameingia kwenye mipangilio ya gemu akaweka mechi ya dakika 5. Mia kwa dakika 5, mia mbili kwa dakika 10: tulikuwa tunalipa vilevile. Wa kulia hakugusa dakika. Pale kwake mia ilikupa dakika zako 10 kamili. Habari zilipoenea, banda la kulia likajaa mpaka mlangoni. Watoto wamebebana kwenye benchi, wengine wamesimama dirishani.

Na ndilo lililofungwa.

Piga hesabu uone. Mechi za dakika 10 ni sita kwa saa, kwa kila mashine. Kwa Sh 200 alikuwa anapata Sh 1,200. Kwa Sh 100 anapata 600, hata watu wajipange mpaka Majengo. Foleni haiongezi saa. Kodi ya fremu ipo palepale, umeme wa LUKU upo palepale, pedi zinakufa haraka zaidi kwa sababu zinashikwa na mikono mingi zaidi. Jirani yake, mwenye mechi za dakika 5, bado alikuwa na uwezo wa kupata Sh 1,200 ileile, na hakuhitaji kujaza banda siku nzima ili apate riziki. Miezi michache baadaye yule wa kulia aliuza televisheni moja, kisha ya pili. Mara ya mwisho nilimwona anachoma mahindi.

Mtu akiniambia kushusha bei ni ushujaa, mimi namwona huyo mzee. Na mtu akiniambia ni ujanja, namwona yule mwingine. Lakini ukweli uko kwenye swali ambalo Harris analigusa kidogo kisha analiacha: unaposhusha bei, hasara yako utairudisha wapi?

Sega walikuwa na pa kuirudisha. Mashine ni kama kibatari kinachouzwa kwa bei ya kutupa na muuza mafuta: faida haimo kwenye kibatari. Kila aliyenunua Genesis kwa dola 149 atarudi kununua gemu, mwaka huu na mwaka kesho. Kumpa Sonic bure ilikuwa ni kumwonjesha. Kwa hiyo wakurugenzi wa Japani hawakuwa wajinga, walikuwa wanatazama kibatari. Kalinske alikuwa anatazama mafuta. Mwenye banda hana mafuta ya kuuza. Anauza muda, na muda ukishapita hauna kesho. Punguzo lilelile, likifanywa na watu wawili tofauti, moja ni uwekezaji na jingine ni kujichimbia kaburi.

Kitabu chenyewe kina ushahidi wa hili, ila kinausimulia kwa sauti tofauti. Mei 1995, kwenye maonyesho ya E3 kule Los Angeles, Kalinske anatangaza kwamba mashine yao mpya, Saturn, imeshaingia madukani kwa dola 399. Baadaye Steve Race wa Sony anapanda jukwaani, anataja namba moja tu, 299, anashuka. Ukumbi unalipuka. Ni silaha ileile ya mwaka 1991, tofauti ni kwamba sasa imeelekezwa kwa shujaa wetu. Na hapo simulizi inabadilika: bei ndogo ya mpinzani haiitwi tena kuona mbali, inakuwa msiba unaoanza. Kalinske anaondoka Sega mwaka 1996. Nilipenda sana kurasa hizo, lakini nilitamani mwandishi asimame kidogo ajiulize kwa nini tendo moja lina majina mawili.

Yaliyofuata yako nje ya kitabu, na yanamalizia somo. Mwaka 1999 Sega walileta Dreamcast kwa dola 199. Sony walipokuwa wanakuja na PS2, Sega wakashusha hadi dola 149. Mashine zilinunuliwa, mashabiki wapo mpaka leo, na Januari 2001 Sega wakatangaza kuacha kabisa kutengeneza mashine. Banda limejaa, mwenye banda anauza televisheni. Mwaka uliofuata, Mei 2002, Sony wakaishusha PS2 kutoka dola 299 hadi 199; siku ya pili yake Microsoft wakaishusha Xbox hadi hapohapo; siku chache baadaye Nintendo nao wakaileta GameCube kwenye dola 149. Wote walishuka, na aliyekuwa mbele akabaki mbele. Wawili wakishusha pamoja, benchi haliendi popote. Kinachobadilika ni upana wa mlango: wanaingia watu ambao jana walikuwa nje.

Hao watu wa nje ndio hasa malalamiko yangu kwa Harris. Katika kurasa zote hizo, mchezaji anaonekana pale tu anapohitajika kupiga kura. Anapewa Sonic na Mario, anaulizwa ipi bora, anajibu, anatoka. Kuna kisa kimoja kitamu sana: Walmart walipogoma kuuza Genesis, Sega walikwenda mpaka Bentonville, mji wa Arkansas yaliko makao makuu ya Walmart, wakapanga duka na kuwaacha watu wacheze bure, mpaka wenye Walmart wakasalimu amri. Kwa lugha yetu, walifungua kibanda! Nilisoma nikicheka. Halafu nikasubiri niambiwe ni nani waliokuja kukaa kwenye kibanda hicho. Watoto gani, walitoka wapi, walikuwa na shilingi ngapi mfukoni, nani alimfunga nani. Hakuna. Sura inarudi ofisini.

Labda ndiyo maana Sonic, nguzo ya kitabu kizima, mtaani kwetu hakuwa mtu. Vita ile ya dola 149 na 199 haikutufikia kabisa. Kilichotufikia ni PS2, na ilitufikia kwa njia ambayo hakuna mkurugenzi aliyeipanga. Kule Marekani bei yake ilianza dola 299 mwaka 2000, ikafika dola 99 mwaka 2009. Kila iliposhuka huko, kuna aliyeona ya kwake imechakaa akaiuza. Ikapita mikono, ikafika Kariakoo, ikapanda basi, ikashushwa Dodoma. Hapa ikachipiwa, isome CD za kunakili. Yaani hata yale mafuta ambayo Sony waliyategemea, sisi tulikuwa tunayapata kwa bei ya CD tupu. Imeuzwa zaidi ya mashine milioni 150 duniani, lakini hesabu hiyo inahesabu maboksi tu. PS2 moja ya Chang'ombe ilichezwa na mtaa mzima. Watoto wasioweza kuimiliki hata ingeuzwa dola 20 waliweza kupata mia moja.

Sisemi Harris alipaswa kuandika kuhusu Dodoma. Kila mwandishi na kijiji chake. Ninachosema ni kwamba amechagua kuandika historia ya soko bila wanaonunua, na chaguo hilo linamfanya aamini kwamba bei hushushwa na mashujaa. Ukiitazama kutoka kwenye benchi unaona mambo mengine. Unaona kwamba bei ndiyo inayoandikwa kwa chaki, dakika haziandikwi. Unaona kwamba mteja anayeshangilia punguzo leo ndiye atakayekosa pa kwenda kesho banda moja likifungwa. Kwetu ilitokea hivyo hivyo: yule wa kushoto alipobaki peke yake, mechi ilirudi Sh 200. Dakika zilibaki 5.

Hilo la mwisho linaniuma kuliko mengine, na sina uhakika kama nina haki ya kulalamika. Sisi ndio tuliojaza banda la kulia mpaka likafa. Tulijua mzee anatupa dakika 10 kwa mia, tukaona ni mtu mzuri, tukamnyonya kwa moyo mweupe. Hakuna aliyesema tumwongezee hata hamsini.

Kisomeni kitabu hiki. Nasema kwa dhati: kwa anayependa masimulizi ya biashara, ni vigumu kupata kinachokimbia kama hiki, na sura za miaka ya 1991 na 1995 zinafaa kusomwa zikifuatana siku moja, ili uone tendo moja likivaa nguo mbili. Lakini ukimaliza, tafuta mtu aliyewahi kuwa na kibanda cha gemu, pale Majengo, Chang'ombe, Kizota, popote, umuulize alikuwa anachaji shilingi ngapi, dakika ngapi, na kwa nini alifunga. Nina hakika ana kitabu kizima kichwani. Kinachokosekana ni wa kukiandika, na wengi wetu tunaosoma hapa tulikaa kwenye benchi lake.