Jitu Lenye Jicho Moja na Hadithi za Unguja

Tangu Wilhelm Grimm alipokusanya mifano yake mwaka 1857, imekuwa desturi ya watafiti wa hadithi kulifuatia jitu la Homer kila linakodhaniwa kupita, kwa Waturuki, kwa Waarabu, na kwingineko. Kila jitu lilalo watu, kisha likashindwa kwa hila, huelekea kuhesabiwa mjukuu wa Polyphemus. Kwa hadithi za Unguja njia hii ina hatari yake: humfanya msomaji alitafute jicho, na hila asiitazame.

Na jicho lenyewe halina msingi imara. Katika kitabu cha tisa cha Odyssey, Homer hasemi popote waziwazi kuwa Polyphemus ana jicho moja. Yafahamika tu, kwa kuwa gogo moja la mzeituni, lililochongwa ncha na kutiwa motoni, lilitosha kumpofua. Aliyesema waziwazi ni Hesiod, naye awataja ndugu watatu, Brontes, Steropes na Arges, ambao hawakuwa wachungaji wala walaji wa watu, bali mafundi waliomfulia Zeus radi. Hali ya Sindbad yastahili kuangaliwa zaidi, kwa sababu bahari yake ndiyo bahari ya majahazi yaliyoshuka na kaskazi mpaka Unguja. Katika safari ya tatu mabaharia waingia nyumba ya jitu liokalo watu kwa chuma. Nakala ya Kiarabu iliyochapwa Bulaq mwaka 1835 yalipa jitu hilo macho mawili kama makaa, na mabaharia watumia vyuma viwili. Jicho moja limo katika tafsiri ya Kifaransa ya Galland, iliyoanza kutoka mwaka 1704. Basi atakayekuta jicho moja katika hekaya ya mtu aliyepita shuleni asiwe mwepesi wa kuwataja Wayunani. Huenda asili yake ni kitabu cha darasani.

Waswahili wana neno lao, chongo, na jinsi wanavyolitumia yatosha kuonyesha kuwa halitishi. Husemwa: akipenda, chongo huita kengeza. Husemwa tena: ukenda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Chongo hapo ni ila ya jirani, jambo la kustahiwa kwa adabu au kwa mapenzi, hakuna akimbiaye. (Popobawa, aliyezusha hofu Pemba na Unguja mwaka 1995, aliandikwa na magazeti ya nje kuwa ana jicho moja, waliokesha nje pamoja na jirani zao hawakuafikiana hata juu ya umbo lake.)

Penye utajiri ni kwenye hila. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, alikusanya hadithi alizozichapisha London mwaka 1870 kwa jina la Swahili Tales. Mojawapo ni ya sungura na simba. Sungura na buku wamo juu ya mti wakila asali ya simba, na simba atokea chini. Sungura amwambia buku amfunge katika majani makavu, amwambie simba asogee, kisha ayatupe majani chini. Simba asogea, majani yaanguka, sungura achomoka akaenda zake. Hapana tofauti kubwa kati ya majani hayo na manyoya ya kondoo wa Polyphemus, ambao kipofu yule awapapasa migongo na kuwapitisha watu waliofungwa matumboni. Lakini simba ana macho mawili mazima, naye apitwa na kitu kile kile alichokuwa akikitazama. Kwa hiyo jicho si sharti la hadithi. Tofauti iko penginepo: Odysseus atoka na wenziwe waliosalia, sungura amwacha buku juu ya mti ajibu mwenyewe. Msimulizi wa Unguja hamlaumu.

Baadaye simba ajificha katika nyumba ya sungura. Sungura aisalimu nyumba kwa mbali. Pakiwa kimya, ashangaa kwa sauti kuwa leo nyumba haiitikii kama siku zote. Simba aitikia. Hapa ndipo hadithi mbili zinapokaribiana kweli, kwani Polyphemus naye aangamizwa na kinywa chake. Odysseus alijitaja kwa jina lenye maana ya kutokuwapo mtu, na jitu lilipolia kuwa huyo analiua, jirani walirudi makwao. Hila hii ni ngumu kufasiri. Kwa Kiswahili jina laweza kuwa Hapana Mtu, lakini wa jina hilo husemwa “Hapana Mtu ananiua”, na kukanusha husemwa “hapana mtu aniuaye”. Kirejeshi ndicho kinachoifichua hila, na mfasiri hana budi kutegemea haraka ya kilio cha mwenye maumivu.

Lakini neno zito zaidi ni zimwi. Methali yasema kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwa methali hii kujulikana ni kinga. Kwa Homer kinga ni kutojulikana. Odysseus, akiisha kuokoka, apiga kelele kutoka chomboni na kulitaja jina lake halisi, na kwa jina hilo jitu lamwapiza kwa baba yake Poseidon, hata afike kwao kwa kuchelewa na bila mwenziwe hata mmoja. Wala isidhaniwe kuwa pwani yote ni ya upande wa methali. Fumo Liongo, ambaye kisa chake kimo pia katika mkusanyo wa Steere, ni jitu na shujaa pamoja. Hila ni yake, kwani atoka kifungoni kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate. Silaha haimwui isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo aitoa kwa mwanawe, ambaye ndiye amwuaye. Huyo alijulikana na mtu wa damu yake, na kujulikana hakukumfaa.

Hivyo kuchagua neno la kumwitia Polyphemus si jambo dogo la msamiati. Jitu ni neno la ukubwa tu, halichukui zaidi. Mfasiri atakayeandika zimwi atakuwa ameileta na methali yake ndani ya pango, ilhali mwenye pango hakumjua mgeni wake mpaka chombo kilipokwisha kuwa majini.