Maji yaliyolala: ujanja mzuri unaosifiwa kwa kazi isiyo yake

Ukikaa kando ya Ziwa Victoria, iwe Igombe, Kayenze au visiwani Ukerewe, hutamaliza muda kabla hujapewa ushauri huu: ukishachota maji ya ziwa usiyatumie hapo hapo, yaache yalale. Ukiuliza kwa nini, jibu ni fupi. Maji yakilala yanakuwa safi.

Leo tuupime ujanja huu wa ndoo. Hukumu yangu naitoa mapema: ni mzuri kuliko hata wanaousifu wanavyodhani, ila sifa wanayoupa siyo yake. Na hapa sigombani na maneno tu, kwa sababu neno "safi" na neno "kulala" yote mawili yanawafanya watu waukatishe kabla haujamaliza kazi.

Kinachotokea ndani ya ndoo

Jicho linaona jambo moja: tope. Chembe za udongo ni nzito kuliko maji, kwa hiyo zikiachwa zitulie zinazama, na kufika asubuhi maji ya juu yanang'aa. Hapo ndipo neno "safi" linapozaliwa.

Kuna jambo la pili ambalo jicho halilioni. Kichocho cha tumbo, ambacho ndicho kimetawala huku kandokando ya ziwa, kinapita kwa konokono wadogo wa maji baridi. Konokono aliyeambukizwa anatoa vimelea vyenye mkia uliogawanyika mwishoni, vidogo kiasi kwamba havifiki milimita moja. Vinaogelea vikitafuta ngozi ya mtu, na vikiipata vinapenya ndani ya dakika chache. Hakihitajiki kidonda, wala huhitaji kunywa maji. Kunawa miguu kunatosha.

Sasa angalia udhaifu wao. Vikiwa majini vimelea hivi havili kitu. Vinaishi kwa akiba ya nishati vilivyotoka nayo kwa konokono, na akiba ikiisha vinakufa. Mwisho wao ni kama saa 48, na nguvu ya kupenya ngozi inaanza kushuka kabla ya hapo. Kwa hiyo maji yaliyokaa siku 2 kamili, bila konokono ndani yake, hayawezi tena kukupa kichocho. Huhitaji kuni, mkaa wala dawa. Umeacha tu njaa ifanye kazi.

Huo ndio uzuri wa kweli wa ujanja huu, na sijui kwa nini hausemwi. Tunasifu tope lililozama, ambalo halimdhuru mtu sana, tunanyamaza kuhusu kimelea kilichokufa.

Saa, siyo macho

Kwa nini tofauti hiyo ni muhimu? Kwa sababu anayeamini kwamba kazi ni kuzamisha tope atapima kwa macho. Atachota saa 12 jioni, saa 12 asubuhi ataona maji yanang'aa, ataogesha watoto. Hizo ni saa 12 tu. Tope limezama, lakini vimelea vingi bado viko hai. Na neno lenyewe linamruhusu: kulala, kwa Kiswahili cha kawaida, ni usiku mmoja.

Kinyume chake pia ni kweli. Maji yaliyokaa siku 2 yakabaki na rangi ya udongo hayana kichocho, na maji maangavu ya pembeni mwa ziwa, yale yanayokuvutia uingie, yanaweza kuwa nacho. Kipimo cha ujanja huu ni saa. Macho yanapima kitu kingine.

Ukipima kwa saa, unagundua pia namna watu wanavyouvunja bila kujua. Pipa linaloongezwa maji kila jioni halijalala hata siku moja, maana ndoo ya leo imeingia na vimelea vya leo. Dawa yake ni rahisi: madumu matatu yenye vifuniko vya rangi tofauti, au uzi tofauti kwenye mikono yake. La Jumatatu asubuhi linatumika Jumatano, la Jumanne linatumika Alhamisi, la Jumatano linatumika Ijumaa. Likiisha linajazwa kesho yake asubuhi, na lililo katikati ya zamu halifunguliwi. Wakati wa kuchota, angalia usibebe konokono wala magugumaji, kwa sababu konokono akiingia ndani ataendelea kumwaga vimelea vipya na hesabu yako yote imeharibika. Na funika, mbu wasigeuze dumu kuwa wodi ya uzazi.

Hapo kwenye kunywa, simama

Neno "safi" lina hatari nyingine. Maji yakiitwa safi, mtu atayanywa. Lakini bakteria wa kipindupindu hawaendi kwa saa ya kichocho. Baadhi wanazama na tope, wengine wanabaki, na siku 2 hazitoshi kuwamaliza. Vilevile kwa homa ya matumbo. Maji yaliyolala ni ya kuoga na kufulia. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini. Na usihofu kwamba tuko juu: Mwanza iko kama mita 1,130 kutoka usawa wa bahari, maji yanatokota kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, na bado hiyo inatosha kuua vijidudu hivyo.

Mfano wa ujanja uliosimuliwa vizuri uko Bangladesh. Watafiti, akiwemo Rita Colwell, waliwafundisha akina mama wa vijijini kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kipindupindu kupungua kwa karibu nusu. Hawakusema kitambaa kinasafisha maji. Walieleza kinachonaswa: wanyama wadogo wa majini ambao bakteria hao hujishikiza kwao. Walieleza hata kwa nini sari iliyochakaa ni bora kuliko mpya: nyuzi zake zimefumuka na kuziba matundu. Na nusu walisema ni nusu. Ujanja ukisimuliwa hivyo, mtu anajua aufuate wapi na auache wapi.

Asiyelindwa

Lawama yangu ya mwisho siyo ya ndoo, ni yetu tunaoisifu. Maji yakilala yanamlinda anayeoga nyumbani. Hayamlindi aliyeingia ziwani hadi magotini kuyachota, na mara nyingi huyo ni mtoto. Konokono hawa hutoa vimelea vingi zaidi jua likiwa juu, kwa hiyo kumtuma asubuhi mapema ni afadhali kuliko saa 6 mchana. Mabuti ya mpira nayo yanasaidia, maji yasipopita juu yake. Afadhali tu. Mvuvi na mama anayeosha dagaa mwaloni hawana hata hiyo nafuu.

Dawa ya prazikwanteli inayogawiwa shuleni inaua minyoo iliyokwisha kukomaa mwilini, lakini haimzuii mtoto kuambukizwa tena akirudi majini wiki ijayo. Kinachokata mzunguko wenyewe ni choo kinachozuia mayai ya minyoo yasifike ziwani, na bomba linalomfanya mtoto asiwe na sababu ya kuingia humo.

Kwa hiyo wewe unayekaa kando ya ziwa, endelea kulaza maji, ila ukimfundisha jirani badilisha maneno. Mwambie: siku 2, dumu lisiongezwe, ya kunywa bado chemsha. Akiuliza kuhusu mtoto aliyekwenda kuyachota, usimjibu kwa ndoo.