Dakika 20 za Hakuba: Philip Boit alizipotezea wapi?

Februari 12, 1998, katika mbio za skii za kilometa 10 zilizofanyika Hakuba, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, Bjørn Dæhlie wa Norway alitumia dakika 27 na sekunde 24. Philip Boit wa Kenya alitumia dakika 47 na sekunde 25. Alikuwa wa 92, wa mwisho kati ya waliomaliza. Dæhlie, ambaye siku hiyo alitwaa dhahabu yake ya sita ya Olimpiki, alikataa kwenda kupokea medali mpaka Mkenya huyo afike, akamkumbatia pale mstarini. Baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Kisa hiki husimuliwa kwa namna ileile tunayosimulia cha Mtanzania mwenzetu John Stephen Akhwari kwenye marathoni ya Mexico, 1968: mtu aliyekataa kuacha mbio. Ni kweli, na heshima hiyo anaistahili. Ila Akhwari alichelewa kwa sababu aliumia goti. Boit alikuwa mzima. Alikuwa mkimbiaji wa meta 800 kutoka Eldoret, wa ukoo wa Mike Boit aliyepata shaba Munich mwaka 1972. Mtu wa namna hiyo kutumia karibu dakika 4 na sekunde 45 kwa kila kilometa ni jambo la kushangaza, maana akikimbia kwa miguu yake barabarani angekwenda haraka zaidi. Skii imebuniwa kumwongezea mtu mwendo, yeye ilimpunguzia. Maelezo ya kwamba Mwafrika hakuizoea baridi hayanitoshi hata kidogo. Dakika zile 20 zina mahali zilipokwenda, na mahali penyewe ni chini ya unyayo.

Tuitazame skii yenyewe. Ni ubao mwembamba wenye upana usiofika sentimeta 5 na urefu wa karibu meta 2. Ukiulaza sakafuni utaona kwamba umebinuka: ncha ya mbele na ya nyuma zinagusa chini, katikati pana uwazi. Ncha hizo mbili hupakwa nta ya kutelezea. Sehemu ya katikati, pale panapokaa kiatu, hupakwa nta nyingine ya kushikia. Mtu akigawa uzito wake kwenye skii zote mbili, katikati hapagusi theluji na ubao unateleza. Akiuhamishia uzito wote mguu mmoja na kukanyaga kwa nguvu, ubao unanyooka, nta ya katikati inaing'ata theluji, na hapo ndipo anapopata pa kujisukumia. Mtindo wa Nagano siku ile ulikuwa huo, unaoitwa wa kiasili: kanyaga, teleza, kanyaga, teleza, huku mikono ikisaidia kwa fimbo mbili.

Sasa mlete mkimbiaji. Maisha yake yote amefundishwa kusukuma mwishoni, mguu ukiwa umeshabaki nyuma, kwa vidole. Kwenye skii, wakati huo umeshachelewa. Kanyago linatakiwa liende chini, si nyuma, na lianze miguu miwili inapopishana. Ukisukuma kwa mtindo wa mbio za uwanjani, nta inakuwa imeshaachia, na skii inachomoka kurudi nyuma. Nguvu yote ya paja inapotea hewani. Mbaya zaidi, mkimbiaji akianza kuteleza hukimbilia kupunguza hatua na kukaa na uzito katikati ya miguu miwili, kwa hofu ya kusimama kwenye ubao mmoja unaokwenda. Akifanya hivyo hapati mtelezo mrefu wala mshiko. Anakuwa anatembea na mbao.

Boit aliiona theluji kwa mara ya kwanza mwaka 1996, alipopelekwa Finland pamoja na Henry Bitok chini ya udhamini wa Nike. Wapo walioliita jambo hilo tangazo la viatu. Mimi naangalia kalenda tu: kutoka siku ile mpaka Nagano ni miaka miwili, na siku za theluji ndani yake ni chache zaidi, kwa kuwa nyumbani hakuna theluji ya kufanyia mazoezi. Dæhlie na wenzake walikuwa kwenye skii tangu utotoni.

Aliyeko nyumbani Afrika hufanya mazoezi kwa skii za magurudumu, vyuma vifupi vyenye magurudumu mbele na nyuma, kwenye lami. Hapa pana jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita. Skii ya magurudumu ya mtindo wa kiasili ina kizuizi ndani ya gurudumu moja: linazunguka kwenda mbele tu, halirudi nyuma. Maana yake ni kwamba lami inakupa mshiko wakati wowote unaoutaka. Ukanyage mapema, ukanyage kwa kuchelewa, ukanyage kwa vidole, chombo hakikuadhibu. Mkimbiaji anaweza kupanda vilima mwaka mzima kwa kosa lilelile na akajiona amehitimu. Mapafu yanakua, mabega yanajaa, kosa linakomaa. Nashuku kwamba sehemu kubwa ya zile dakika ilianzia hapo, kabla ndege haijaruka kwenda Japani.

Kisha ikaja theluji ya Hakuba. Mbio zilifanyika kwenye uwanja uitwao Snow Harp, chini ya Milima ya Alpi ya Kaskazini, ambako kilele cha Shirouma kina meta 2,932. Sisi wa Ruvuma hatuhitaji maelezo marefu kuielewa hali ya hewa ya pale. Pepo za kusini-mashariki zinapopita juu ya Ziwa Nyasa huzoa unyevu, zikigonga milima kaskazini mwa ziwa zinapanda, zinapoa, na Kyela na Tukuyu wanapata mvua nyingi kuliko karibu kila mtu nchini. Japani, upepo mkavu wa baridi hutoka Siberia, ukavuka Bahari ya Japani yenye maji ya uvuguvugu, ukazoa unyevu na kuumwaga kama theluji kwenye milima ya kwanza inayokutana nayo. Ndiyo sababu watu wa mbao za theluji (snowboard) husafiri kutoka pande zote za dunia kwenda Hakuba kupanda milima nje ya njia zilizotengenezwa. Kule kaskazini kabisa, Hokkaido, theluji hiyo huwa kavu na nyepesi. Hakuba iko kusini zaidi, na uwanja wa mbio uko chini bondeni, kwa hiyo joto likipanda kidogo tu theluji inageuka chapachapa.

Siku ya mbio ilikuwa hivyo: theluji mbichi iliyochanganyika na mvua. Kwa mafundi wa nta, theluji mpya inayoanguka joto likiwa karibu na nyuzi 0 ndiyo mtihani mgumu kuliko yote. Ukipaka nta ngumu, haishiki, unateleza kurudi. Ukipaka laini, inashika mno: theluji yenye maji inaganda chini ya kiatu na kuongezeka kila hatua, kama udongo mwekundu wa mitaa ya Songea mwezi Januari unavyopanda kwenye soli mpaka mtu anatembea na viatu viwili kwa mguu mmoja. Timu kubwa huja na mafundi wanaojaribu jozi nyingi asubuhi hiyohiyo na kubadili mawazo dakika za mwisho. Na mwanariadha aliyekulia humo huhisi kwa unyayo nta inapoanza kukamata, akaburuza skii kidogo kuipangusa bila kupoteza mwendo. Ujuzi huo hauandikiki kwenye ratiba ya mazoezi. Unatokana na kukutana na theluji ya kila aina, na Boit hakuwa amekutana na aina nyingi.

Kwa kilometa 10, tofauti yake na Dæhlie ni dakika 2 kwa kila kilometa. Gawanya hizo kwa mamia ya makanyago ndani ya kilometa moja, utaona kila kanyago lilipoteza kipande kidogo tu cha sekunde. Hakuna mahali pamoja aliposhindwa. Alishindwa kidogokidogo, chini ya unyayo, mpaka mwisho.

Nini kimebadilika tangu hapo? Jibu limetoka kwa wapanda milima wenyewe. Wanaopanda na mbao za theluji kule Hakuba hubandika chini utepe wenye manyoya yanayolalia upande mmoja: ukisukuma mbele yanateleza, ukirudi nyuma yanasimama na kuishika theluji. Zamani ilikuwa ngozi ya sili. Siku hizi ni manyoya ya mbuzi wa Angora au nailoni. Wakifika juu wanaubandua na kuteleza kushuka. Watengenezaji wa skii za mbio ndefu wameuchukua utepe huohuo wakaupachika katikati ya skii, mahali pa nta. Kwa mgeni wa theluji, hiyo ndiyo nusu ya tatizo la Nagano imeondoka. Nusu ya pili, ile ya wakati wa kukanyaga, bado iko palepale. Boit aliendelea kupambana nayo Salt Lake City 2002, Torino 2006, na kwenye mashindano ya dunia ya Oslo mwaka 2011 akiwa na miaka 39.

Mwalimu wa michezo wa Songea mwenye kijana anayetaka kujaribu, asianze na magurudumu. Ampe fimbo mbili na ampeleke kupanda miteremko ya Matogoro kwa hatua ndefu za kuruka, akihesabia kanyago pale magoti yanapopishana, na amrudishe mwanzo kila anaposukumia vidole. Mikono na mgongo vifanyiwe kazi sawa na miguu, kwa kuwa mwili wa meta 800 haujajengewa fimbo. Akishapata wakati wake sawasawa, ndipo apewe magurudumu, tena kwenye kupanda tu. Barabara ya Mbinga inayoteremka Mbamba Bay ni lami nzuri, lakini skii hizo za magurudumu kwa kawaida hazina breki.