Ukingo Ndio Shahidi: Namna ya Kupima Chapa ya Vinaili

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa majina na namba za vinaili zinazobandikwa kwenye jezi na fulana, methali hii haitoshi, kwa sababu siku ya kwanza kazi mbovu nayo hujiuza. Vinaili mpya hung'aa hata ikibandikwa ovyo. Rangi yake ilitoka kiwandani, fundi hakuitia yeye. Kilicho chake ni mambo mawili: alivyokata na alivyoshikiza. Yote mawili husomeka ukingoni mwa herufi. Kwa hiyo anayetaka kuijua kazi nzuri asianzie katikati palipojaa rangi, aanzie pembeni.

Sababu iko katika jinsi chapa yenyewe inavyofanya kazi. Vinaili ya joto ni utando mwembamba, mara nyingi wa poliyurethani, wenye gundi kavu upande mmoja na plastiki angavu ya kuubeba upande wa pili. Plota, yaani mashine ya kukata, hukata mchoro uliogeuzwa kama kwenye kioo, kisu kikipita kwenye utando bila kuitoboa plastiki. Fundi huchambua mabaki, kisha huibana kazi juu ya kitambaa kwa mashine ya joto. Kwa vinaili nyingi za kubandika kwenye pamba hutosha nyuzijoto 150 hadi 160 za Selsiasi kwa sekunde 10 hadi 15. Gundi huyeyuka, huingia kati ya nyuzi za kitambaa, na ikipoa hushika. Ikikosa joto, mkandamizo au muda, haiingii. Hulala juu tu, na mahali pa kwanza pa kubanduka ni ukingoni.

Tazama kwanza mkato. Tundu za 6, 8 na herufi a ziwe safi, zisibaki na vipande wala meno ya kisu butu. Ncha kali hubanduka mapema kwa kuwa eneo la gundi hapo ni dogo. Fundi makini huziviringa kidogo, na hukataa mistari myembamba kama uzi. Kisha inamisha kitambaa kwenye mwanga. Ukiona mfumo wa kitambaa umejichora kidogo juu ya utando, gundi imezama. Uso ukiwa laini kama stika kwenye kioo, chapa inaelea. Gundi iliyotoka nje ya herufi, au alama ya mraba inayong'aa kuizunguka chapa, ni dalili ya joto au mkandamizo uliozidi. Pitisha ukucha taratibu pembeni, kisha vuta kitambaa kidogo: utando uende nacho na urudi nacho, ukingo usifunguke. Kagua zaidi karibu na mishono, zipu na vifungo, kwani unene wake huinua bamba la mashine na kuacha sehemu ya jirani bila kubanwa.

Jezi za poliesta zina mtihani wao. Rangi ya poliesta ikipata joto kali hugeuka mvuke na kupanda ndani ya utando. Ndiyo maana namba nyeupe kwenye jezi nyekundu huweza kugeuka ya waridi, wakati mwingine siku kadhaa baada ya kubandikwa. Dawa yake ni vinaili inayoshika kwa joto la chini, karibu nyuzijoto 130, au yenye tabaka la kuzuia rangi. Hapa jicho halitoshi, uliza. Fundi anayebana pamba, poliesta na nailoni kwa kipimo kimoja hajazijua nguo anazozishika.

Wapo watakaosema hakimu wa kweli ni kufua. Ni kweli, ila hukumu hiyo huja fedha zikiwa zimeshalipwa. Tena kufua hakutenganishi kosa la fundi na la mwenye nguo aliyefua kabla ya saa 24 kupita, au aliyepitisha pasi ya moto moja kwa moja juu ya chapa. Ukingo uliokaguliwa dukani hutenganisha. Wengine hutafuta utando mnene wakidhani ndio imara. Unene huongeza ukakamavu. Utando usiofuata kitambaa hushindana nacho kila kinapokunjwa, na bonge kubwa la vinaili kifuani huzuia jasho kutoka. Mbunifu mzuri huacha nafasi za kitambaa ndani ya mchoro, ili nguo ipumue na ikunjike.

Hoja nzito zaidi ni ya fulana za siku moja: za sherehe, za kampeni, za msiba. Kwa nini kuhangaika? Kwa sababu nguo haiishi na shughuli. Fulana ya kampeni huenda shambani miaka mingine mingi, na ya msiba hutunzwa kwa ajili ya jina lililoandikwa kifuani. Aliyeagiza anaweza kuchagua vinaili ya bei nafuu, hiyo ni haki yake. Lakini kuchambua vizuri, kukausha unyevu wa kitambaa kabla ya kubana na kuiweka chapa mbali na mshono hakuhitaji vinaili ya ghali, kunahitaji uangalifu. Huo ndio unaolipiwa, na shahidi wake ni ukingo.