Kati ya Kuundwa na Kukubalika: Istilahi Mpya Mlangoni mwa Kamusi

Mijadala kuhusu istilahi mpya za Kiswahili aghalabu huzingatia mbinu za uundaji: kutohoa, kuambatanisha, kufupisha, au kupanua maana ya neno lililopo. Swali la lini neno lililoundwa huwa mali ya wasemaji halijapewa uzito unaostahili.

Janga la korona lilitoa jaribio la wazi. Neno barakoa halikuundwa mwaka 2020. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uongozi wa Frederick Johnson ililitaja tayari, kwa maana ya kifuniko cha uso kilichovaliwa na baadhi ya wanawake wa Kiislamu. Maana ilipopanuliwa, neno lilienea upesi Tanzania na Kenya, katika taarifa za habari na masokoni. Kwa upande mwingine, UVIKO-19 ilikuwa na nguvu ya matumizi rasmi ya serikali ya Tanzania, lakini katika mazungumzo ya kila siku watu waliendelea kusema korona. Amri huliweka neno kwenye nyaraka; haiwezi kuliweka kinywani.

Kompyuta, tarakilishi na ngamizi zinaonyesha tatizo la pili. Neno la kwanza limetawala Tanzania. La pili limepata makao katika ufundishaji nchini Kenya. La tatu limebaki zaidi katika mijadala ya wanaisimu. Kamusi inayoyaorodhesha yote kuwa visawe, bila kueleza yanatumika wapi na nani, inakusanya maneno bila kuyaeleza. Msemaji wa Dodoma au Nairobi hujisahihishia kwa masikio yake. Mwanafunzi wa Rwanda, ambako Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, mara nyingi hana sikio hilo. Kamusi ndiyo jamii yake ya lugha.

Wapangaji lugha watajibu kwamba vitabu vya sayansi haviwezi kungoja mitaa iamue. Hoja hiyo ni ya kweli, ila inahusu orodha za istilahi, kama mfululizo wa Tafsiri Sanifu wa BAKITA, ambazo kazi yake ni kupendekeza. Kazi ya kamusi ya jumla ni kushuhudia. Kuchanganya kazi hizi mbili kunaipa kamusi mamlaka isiyo na ushahidi.

Inafaa, basi, istilahi ipite kwanza katika orodha ya mapendekezo, kisha ithibitishwe kwa matini za nchi zaidi ya moja kabla ya kuingizwa katika kamusi ya jumla, na kidahizo chake kionyeshe eneo na uwanja wa matumizi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina nafasi ya kuratibu kazi hiyo. Bila hivyo, kila nchi itasanifisha peke yake, na mtahiniwa atakayevuka mpaka ndiye atakayelipa gharama.