Joto, Halijoto na Chukudu: Uhakiki wa Istilahi za Msuguano

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilikuwa hatua muhimu katika kukipa Kiswahili uwezo wa kufundishia sayansi. Miongoni mwa mafanikio ya juhudi hizo ni kutenganisha joto, ambalo ni nishati, na halijoto, ambayo ni kipimo. Hata hivyo, istilahi haipimwi kwa ulinganifu wake na neno la kigeni tu. Hupimwa pia kwa uwezo wake wa kueleza kinachotokea nyuso mbili zinapogusana. Chukudu ya Goma ni mtihani ufaao.

Chombo hiki cha mbao chenye magurudumu mawili hubeba mamia ya kilo za mazao na makaa. Kinaposhuka mtelemko, mwendeshaji hukanyaga kipande cha mpira kinachosugua gurudumu la nyuma. Uzito wa kilo 400 ukishuka kimo cha mita 100, nishati ipatayo jouli 392,000 hutolewa. Mwendo usipoongezeka, karibu yote hugeuka joto: kiasi kinachotosha kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi yachemke. Kwa kuwa mpira haupitishi joto vizuri, halijoto ya uso wake hupanda kuliko ya ndani, nao hulainika na kulika. Kauli kwamba breki "ina moto" haionyeshi tofauti hiyo. Jozi ya joto na halijoto huionyesha. Hapo istilahi imefaulu.

Udhaifu hujitokeza katika kanuni inayokaririwa shuleni, kwamba vitu yabisi hutanuka vikipata joto. Mhimili wa chuma wenye kipenyo cha milimita 50, halijoto yake ikipanda kwa nyuzi 100, hutanuka kwa milimita 0.06 hivi. Ni kidogo, lakini ikiwa tundu linaloushika halikupata joto kiasi hicho, nafasi ya grisi hupungua, nyuso hukwaruzana, joto huzidi, na mwishowe gurudumu hukwama. Mbao, kinyume chake, ikipata joto hukauka, husinyaa na hata kupasuka, na kiungo kilichokaza kikalegea. Sababu ni moja, matokeo ni mawili.

Kwa hiyo "kutanuka" hueleza kitu kikiwa peke yake, ilhali mashine ni uhusiano wa vitu. Vitenzi vya uhusiano huo, yaani kukaza, kulegea, kubana, kukwaruza na kukwama, vinajulikana kwa kila fundi. Kinachohitajika ni kuvipa fasili za kisayansi, wala si kuviacha nje kwa sababu ni vya karakana.

Suala hili si la maneno matupu. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini sayansi ya sekondari hufundishwa kwa Kifaransa. Kijana wa Goma husoma msuguano kwa lugha moja na kutengeneza gurudumu kwa nyingine. Istilahi isiyofika kwenye gurudumu hilo huziacha elimu zake mbili bila kukutana.